Je, Wajua? Mto Mmoja, Wenyewe Wengi

Ramani za shuleni huchora mipaka kwa wino mweusi na mito kwa wino wa bluu, na mara nyingi wino hizo mbili hukatana. Hapo zinapokatana ndipo safu hii imepiga kambi leo. Tumekusanya mambo 30 kuhusu mito, maziwa na ardhioevu zenye wenyewe wengi, hasa za Afrika Mashariki. Utaona jambo moja likijirudia: majirani hudumu katika ushirikiano pale walipokubaliana juu ya kipimo. Kinaweza kuwa tarehe, sentimita, megawati au kina cha maji, ilimradi kila upande unaweza kukikagua.

MVUA MOJA, BAHARI TATU

1. Je, wajua kwamba mito ya Tanzania inafika bahari tatu? Rufiji, Pangani na Ruvuma huenda Bahari ya Hindi. Kagera na Mara huingia Ziwa Victoria, na kutoka hapo maji hufuata Mto Nile hadi Mediterania. Malagarasi humwaga maji Ziwa Tanganyika, ambalo hutoka kwa Mto Lukuga kuelekea Mto Kongo na Atlantiki. Yale ya Rukwa, Eyasi na Natron hayatoki kabisa; hukaushwa na jua. Kwa hesabu hiyo, mkulima wa Ngara na mvuvi wa Alexandria wamo katika bonde moja.

2. Huko Rutovu, kusini mwa Burundi, kuna chemchemi inayohesabiwa kuwa chanzo cha Nile kilicho kusini kuliko vyote. Maji yake hupita Ruvyironza, Ruvubu na Kagera kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Mvua inayonyesha upande wa pili wa milima hiyohiyo huteremka Ziwa Tanganyika na kuishia Atlantiki.

3. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa. Tanzania na Uganda zinagawana sehemu kubwa iliyobaki. Rwanda na Burundi hazina hata hatua moja ya ufuo, lakini zimo katika bonde lake kwa sababu ya Kagera, mto mkubwa kuliko yote inayoliingia. Ndiyo maana Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao Kisumu, inazihusisha nchi zote 5. Itifaki ya bonde hilo ilitiwa saini Arusha tarehe 29 Novemba 2003, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki bado ilikuwa na wanachama 3.

4. Karibu asilimia 80 ya maji ya ziwa hilo hutokana na mvua inayonyesha juu yake moja kwa moja. Mwezi Mei 2020 maji yalipanda na kuvuka rekodi iliyowekwa mwaka 1964. Mialo ya Kenya, Uganda na Tanzania ilifurika katika msimu uleule mmoja.

AHADI YA RAMSAR

5. Mkataba mkuu wa dunia kuhusu ardhioevu ulisainiwa tarehe 2 Februari 1971 katika mji wa Ramsar, nchini Iran, ukaanza kufanya kazi mwaka 1975. Ibara yake ya 5 inazitaka nchi zinazochangia ardhioevu au mfumo wa maji zishauriane. Hilo ni sharti walilolikubali kwa saini zao. Mtu akikuambia kumuuliza jirani ni hisani tu, mrejeshe kwenye ibara hiyo.

6. Mkataba huo unahesabu pia maji ya bahari yenye kina kisichozidi mita 6 wakati wa maji kupwa. Mikoko na matumbawe ya pwani yetu yamo ndani. Chukua Mto Umba: unaanzia milima ya Usambara, Tanzania, na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Vanga, Kenya. Mti ukikatwa Lushoto, udongo unaoporomoka unaweza kufika kwenye mizizi ya mikoko ya nchi nyingine.

7. Uganda ilijiunga na mkataba huo mwaka 1988, Kenya 1990 na Tanzania 2000. Mkutano mkuu wa nchi wanachama ulifanyika Afrika kwa mara ya kwanza mjini Kampala mwaka 2005. Mwaka 2025 ulirudi barani, safari hii Victoria Falls, Zimbabwe.

8. Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, magharibi mwa Tanzania, ina hekta zipatazo milioni 3.25. Ni kubwa kuliko Rwanda, na ni kubwa kuliko Burundi. Ni makazi ya korongo nyangumi, ndege mwenye mdomo mpana ambaye amekuwa adimu duniani. Mto Malagarasi wenyewe unagusa Burundi na Tanzania, kwa hiyo usalama wa ndege huyo hauamuliwi na nchi moja.

9. Katikati ya bonde la Kongo, wanasayansi walitangaza mwaka 2017 kwamba chini ya misitu yenye maji kuna tabaka nene la mabaki ya mimea yasiyooza kikamilifu, lenye kaboni ipatayo tani bilioni 30. Eneo hilo la kilomita za mraba zipatazo 145,500 linagawanywa na nchi mbili, Kongo ya Kinshasa na Kongo ya Brazzaville. Ukilikausha, kaboni hiyo hupanda angani. Ardhi ni yao wawili, lakini hasara itakuwa ya dunia nzima.

MARA, MTO WA NCHI MBILI

10. Mto Mara una urefu wa kilomita 395. Unaanzia Enapuiyapui, kinamasi kilicho juu katika msitu wa Mau, unapita hifadhi za Maasai Mara na Serengeti, na kuingia Ziwa Victoria karibu na Musoma. Bonde lake lina kilomita za mraba zipatazo 13,750. Takriban asilimia 65 iko Kenya na 35 iko Tanzania.

11. Wakati wa kiangazi, Mara ndio mto pekee wa kaskazini mwa Serengeti usiokauka. Nyumbu zaidi ya milioni moja huutegemea wakiwa njiani kufuata malisho. Utalii wa Tanzania una hisa katika kila mti unaobaki umesimama Mau, na wafugaji wa Narok wanautegemea mto huohuo.

12. Tangu 2012, kila tarehe 15 Septemba huadhimishwa Siku ya Mara, na nchi hizo mbili hupokezana uenyeji. Tarehe hiyo ilichaguliwa ili iangukie msimu wa nyumbu kuhama. Maofisa wa maji, wanafunzi, wakulima na wafugaji wa pande zote mbili hukutana kwenye bonde lao. Serikali inayojua kwamba Septemba ijayo mgeni atakuja kutazama ina sababu ya kufanya kazi mwaka mzima.

13. Sheria ya maji ya Tanzania ya 2009 na ile ya Kenya ya 2016 zinakubaliana katika jambo kubwa: kabla ya kugawa vibali vya umwagiliaji na viwanda, yatengwe maji ya mahitaji ya msingi ya binadamu na maji ya kuuweka mto hai. Bonde zima linaweza basi kupigiwa hesabu moja. Mwaka 2015 nchi hizo zilisaini hati ya makubaliano ya kusimamia Mara kwa pamoja.

14. Kabla ya kufika ziwani, Mara hupita katika mafunjo mapana ya mkoa wa Mara. Mashina yake hupunguza kasi ya maji, udongo hutuama, na mizizi hufyonza mbolea iliyosombwa kutoka mashambani. Mafunjo hayo yakilimwa au kuchomwa, udongo wa bonde zima huingia ziwani, kwenye mazalia ya samaki.

ZIWA LISILO NA UZIO

15. Gugumaji, mmea wenye asili ya Amerika Kusini, lilivamia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na Mto Kagera ukawa njia yake kubwa. Kila nchi ilipong'oa peke yake, upepo ulileta mengine kutoka kwa jirani. Katika miaka ya 1990 zilifugwa na kuachiwa fukusi wanaokula gugu hilo tu, katika nchi zote 3 zenye ufuo. Baada ya kilele cha 1998, magugu yalipungua sana. Hayajaisha, na hurejea pale maji machafu ya miji na mashamba yanapoyalisha.

16. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lilianzishwa kwa mkataba uliosainiwa Kisumu mwaka 1994, na makao yake yako Jinja. Miongoni mwa kazi zake ni kulinganisha kanuni. Sangara aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, kwa kuwa wengi wa umri huo hawajazaa. Mvuvi wa Ukerewe na wa Homa Bay wanaweza kukisoma kipimo hicho kwenye rula ileile.

17. Kwenye mialo, kazi ya kusimamia kanuni hizo iko mikononi mwa vikundi vya wenyeji vya kusimamia mialo, vinavyojulikana kwa herufi BMU. Ndani yake wamo wenye mitumbwi, wavuvi, wachuuzi na mama wakaanga samaki. Hao ndio wanaojua nani ametupa kokoro usiku. Mkataba wa mawaziri usipofika kwao, haufiki ziwani.

18. Bwawa la Owen Falls, Jinja, lilifunguliwa mwaka 1954. Uganda na Misri zilikubaliana kwamba maji yatakayoachiwa yafuate kimo cha ziwa, kama yalivyokuwa yakitoka kabla ya bwawa, na wahandisi wa Misri wamekuwa wakiishi Jinja kuangalia vipimo. Mwaka 2005 na 2006 ziwa liliposhuka sana, ukame ulilaumiwa. Hesabu zilionyesha pia kwamba bwawani yalipita maji mengi kuliko kiwango kilichokubaliwa. Kipimo kiliwezesha ukweli kujulikana.

UMEME WA KUGAWANA

19. Maporomoko ya Rusumo yako Mto Kagera, mpakani mwa Rwanda na Tanzania. Mtambo wake wa megawati 80 ni wa nchi 3, Burundi, Rwanda na Tanzania, na kila moja ina mgao wa karibu megawati 26.7. Mpango wa awali ulihitaji bwawa kubwa zaidi. Ulibadilishwa ili mtambo utumie zaidi mtiririko wa mto wenyewe, na mashamba na makazi machache zaidi yakaguswa.

20. Kabla ya hapo, mwaka 1977, nchi hizo 3 ziliunda Shirika la Bonde la Kagera, na Uganda ikajiunga mwaka 1981. Lilipanga reli, barabara na umeme. Vita na uhaba wa fedha vililidhoofisha hadi likavunjwa mwaka 2004. Ndoto ya Rusumo haikufa nalo. Ilihamia taasisi nyingine na hatimaye mashine zikazunguka.

21. Juu kabisa katika bonde la Kagera, Rwanda ina ardhioevu ya Rugezi, inayolisha maziwa ya Burera na Ruhondo. Ilipokaushwa kwa kilimo, kituo cha umeme cha Ntaruka kilikosa maji, na kufikia 2004 nchi ilikuwa na upungufu mkubwa wa umeme. Serikali ilisimamisha kilimo ndani ya kinamasi na kupanda miti na majani kwenye miteremko. Maji yakarudi. Walionufaika hawaishii Rwanda, kwa sababu maji ya Rugezi hushuka hadi Ziwa Victoria.

22. Mto Ruzizi hutoka Ziwa Kivu na kuingia Ziwa Tanganyika. Kituo cha Ruzizi II, kilichoanza kazi mwaka 1989, kinahudumia Kongo ya Kinshasa, Rwanda na Burundi kupitia kampuni moja ya pamoja. Eneo hilo limepitia vita vizito tangu hapo, lakini mtambo umebaki mali ya watatu.

TANGANYIKA INAPUMZIKA

23. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Duniani linazidiwa na Baikal tu. Kongo ina asilimia 45, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6. Nchi hizo 4 zilisaini mkataba wa kulisimamia tarehe 12 Juni 2003 mjini Dar es Salaam, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ikaweka makao Bujumbura.

24. Ziwa hilo lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga ulioko Kalemie. Maji yake mengi hukaa humo kwa karne nyingi. Mafuta au kemikali ikimwagika Kigoma, Mpulungu au Uvira, haisombwi upesi. Wajukuu wetu wataikuta.

25. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani humo kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kutokana na makubaliano ya nchi zote 4 ya kuwapa dagaa na migebuka nafasi ya kuzaana. Miezi 3 bila kuwasha taa za kuvulia ni mizito kwa familia ya mvuvi, na wanaoubeba mzigo huo wanastahili shukrani na msaada. Faida yake hutegemea sharti moja: wote wapumzike kwa tarehe zilezile. Samaki aliyeachwa Kigoma leo anaweza kuwa Kalemie kesho.

NILE NA MADENI YA ZAMANI

26. Mwaka 1929 Uingereza iliahidi Misri kwamba katika makoloni yake ya bonde la Nile hakutajengwa kitu cha kupunguza maji bila idhini ya Cairo. Mwaka 1962 Tanganyika huru, ikifuata msimamo wa Julius Nyerere, iliandika kwamba haifungwi na ahadi hiyo, lakini ikasema iko tayari kuzungumza na nchi zinazohusika. Msimamo huo unafundishwa hadi leo katika sheria za kimataifa. Ilikataa kufungwa na mkoloni, na hapohapo ikamwachia jirani nafasi ya kuzungumza.

27. Ushirika wa Bonde la Nile ulizinduliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1999, na makao yake yako Entebbe. Mkataba wa kudumu ulifunguliwa kusainiwa Mei 2010 na ulianza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024, baada ya kuridhiwa na Ethiopia, Rwanda, Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini. Misri na Sudan hazijausaini. Kazi iliyobaki ni kuzileta mezani.

28. Sudd, ardhioevu ya Sudan Kusini, ilisajiliwa na Ramsar mwaka 2006 ikiwa na hekta milioni 5.7. Mwaka 1978 ulianza kuchimbwa Mfereji wa Jonglei, wa kilomita 360, ili maji yaikwepe Sudd na kufika kaskazini kwa wingi zaidi. Vita viliusimamisha mwaka 1984. John Garang, aliyeongoza vita hivyo, alikuwa ameandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu eneo hilohilo. Wafugaji na wavuvi wa Sudd hawakuwa wamesikilizwa mradi ulipopangwa.

MPAKA UKIHAMA

29. Mto Songwe ndio mpaka wa Tanzania na Malawi, na katika nyanda zake za chini hubadili njia baada ya mafuriko. Mwanakijiji huamka na kukuta shamba lake liko ng'ambo. Nchi hizo zilisaini mwaka 2017 mkataba wa kuunda kamisheni ya pamoja, yenye makao Kyela, ya kuutuliza mto huo na kuutumia kwa umeme na umwagiliaji.

30. Ziwa Natron liko Tanzania, lakini mto wake mkubwa, Ewaso Ng'iro ya Kusini, unatoka Kenya na kupita vinamasi vya Shompole. Ziwa hilo ndilo zalia pekee la kutegemewa la heroe wadogo, yaani flamingo, katika Afrika Mashariki. Viota vyao vya tope vinahitaji maji ya kadiri: yakizidi huvizamisha, yakipungua fisi huvifikia kwa miguu. Vifaranga wakikua huruka hadi Bogoria na Nakuru, ambako watalii hulipa kuwaona. Kwa hiyo Kenya inatoa maji na Tanzania inatoa mazalia. Hakuna anayeweza kuwafuga ndege hao peke yake.

NYONGEZA KUTOKA KWINGINE

Mto Omo wa Ethiopia huliletea Ziwa Turkana la Kenya karibu asilimia 90 ya maji ya mito yake. Bwawa la Gibe III, lililojengwa kwenye mto huo, lilizinduliwa mwaka 2016. Mwaka 2018 UNESCO iliziweka hifadhi za Ziwa Turkana kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Hilo ni onyo.

Katika Mto Senegal, bwawa la Manantali liko ardhi ya Mali lakini ni mali ya pamoja, na umeme wake hugawanywa kwa asilimia: Mali 52, Senegal 33, Mauritania 15. Na Okavango ya Botswana hufurika kati ya Juni na Agosti, wakati wa kiangazi, kwa mvua iliyonyesha Angola miezi kadhaa kabla. Angola, Namibia na Botswana zina tume ya pamoja tangu 1994. Hiyo ni mifano ya kuigwa.

CHA KUFANYA

Andika tarehe 3 kwenye kalenda yako: 2 Februari, Siku ya Ardhioevu Duniani, 22 Februari, Siku ya Nile, 15 Septemba, Siku ya Mara. Zikifika, hudhuria, na usitosheke na hotuba. Uliza maswali manne: maji ya mto wetu yanapimwa wapi? Nani anazisoma namba hizo? Jirani naye anazipata? Na zikivukwa, nani anawajibika?

Viongozi hubadilika na wafadhili huondoka. Kipimo kilichoandikwa na kujulikana na watu wa pande zote mbili hubaki, na mvuvi, mkulima au mfugaji anaweza kukitumia kudai haki yake. Tudai mikataba ya namna hiyo kwa kila mto tunaochangia, na kipimo kikishawekwa, sisi wenyewe tuwe wa kwanza kukitii.